Namna ya kuchagua pikipiki kwa moyo, kichwa kikae pembeni kidogo

Tuelewane kwanza. Kama pikipiki unaitaka ya kazi, ibebe mzigo au abiria kutwa nzima ikuingizie hela, basi mada hii sio yako, chukua inayokula mafuta kidogo na spea zake zinapatikana kila kona, mjadala umeisha. Mi naandika kwa yule ambaye anaweza kuishi bila pikipiki kabisa ila kuna kitu kinamkereketa, akisikia mlio barabarani lazima ageuke, na saivi ana jedwali kwenye simu lina sisi ngapi (cc, yaani ukubwa wa injini), kilo ngapi, lita moja inaenda kilomita ngapi, na miezi inapita hajanunua kitu. Hatonunua leo wala kesho. Jedwali linakwambia ipi imeshinda, halikwambii ipi utaitaka jumapili asubuhi wakati huna sababu yoyote ya kutoka nyumbani.

Na watu wanaosema kununua kwa moyo ni ujinga wa hela wasikilize hapa. Pikipiki unayoipenda unaiosha mwenyewe, na ukiiosha ndo unaona nati imelegea, oili inalowanisha mguu wa shokapu ya mbele, cheni ina sehemu imekaza, tairi limeshika msumari. Ile uliyoinunua kwa sababu ya busara inakaa imefunikwa turubai, betri inakufa, mafuta yanachacha kwenye tenki, mwisho unaiuza kwa hasara na odomita haijasogea. Sasa hapo nani amepoteza hela.

Kwahiyo fanya hivi. Lile jedwali usilifute, liweke tu pembeni, tutalirudia mwishoni kidogo. Chukua karatasi uandike ukijiona uko juu ya pikipiki unajiona unafanya nini, na uandike ukweli, hakuna atakayesoma. Uko peke yako au kuna mtu nyuma amekushika kiuno? Ni kona za mlimani au barabara ndefu iliyonyooka? Unakimbia au unaenda taratibu unaangalia watu na miti? Umevaa nini? Usicheke, swali la nguo linasema mengi sana, aliyejiona na buti la vumbi na aliyejiona na jaketi la ngozi hawatafuti chombo kimoja hata kidogo. Utashangaa, mtu amekaa mwaka mzima anasoma habari za superbike, zile za mwendo wa mashindano, alafu kwenye karatasi ameandika "naenda mwendo wa pole, jua linazama". Basi ndugu yangu jibu unalo.

Mfano mzuri ni Royal Enfield Classic 350. Ukiiweka kwenye karatasi inatia huruma, silinda moja ya sisi 349, nguvu kama za farasi 20 hivi, na uzito kilo 195. KTM 390 Duke ina nguvu zaidi ya mara mbili ya hizo na ni nyepesi kuliko yeye, kwa hesabu hapo hamna hata mechi. Lakini mkalishe mtu wa Classic juu ya Duke uone, atakwambia imebana, ina haraka, inampigia kelele. Mkalishe wa Duke kwenye Classic atakuuliza mbona haiendi. Wote wako sahihi na hakuna namba kwenye jedwali itakayowapatanisha, manake mmoja anataka kusikia kila pigo la pistoni na mwingine anataka kona inayofuata ifike haraka.

Anza na masikio

Wengi wanaanza na macho, mi nasema anza na masikio, macho yanadanganywa na rangi na stika lakini mlio ni ngumu kuufeki. Na ujue mlio hautokani na sailensa peke yake, sailensa inapaza au inapunguza tu, mdundo wenyewe unatoka ndani, silinda ziko ngapi na zinapokezana vipi kupiga. Ukishaelewa hilo utajua kwanini moyo wako unaruka kwa moja na haustuki kwa nyingine, na utaacha kutafuta gizani.

Harley-Davidson ile ya V ina silinda mbili zimeachana nyuzi 45, konrodi zote mbili (mikono ya pistoni) zimeshika pini moja ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwahiyo mapigo hayaji kwa nafasi sawa. Krenki inazunguka nyuzi 315 pigo moja, kisha nyuzi 405 pigo lingine, fupi ndefu fupi ndefu, ndo ule mlio unaochechemea ambao hata asiyejua pikipiki anautambua. Kampuni yenyewe iliomba mwaka 1994 mlio huo usajiliwe kama alama yake ya biashara, wenzao wakapinga, wakavutana weee mpaka mwaka 2000 wakaachana nayo. Sasa niambie kampuni inayokwenda mpaka kwa wanasheria kwa ajili ya mlio, we unaona aibu gani kuchagua kwa mlio?

Silinda mbili zilizosimama bega kwa bega zina hadithi tatu. Kuna ambazo pistoni zinapanda pamoja zinashuka pamoja, zinapiga kwa zamu kwa nafasi sawa, hiyo ni sauti ya pikipiki za kiingereza za zamani, tulivu, kama zinanung'unika. Kuna ambazo moja iko juu nyingine chini, hizo mdundo wake ni wa haraka haraka na zinapenda kuzungushwa juu. Alafu kuna za krenki ya nyuzi 270, hizi zinapiga kwa mpangilio ule ule wa V ya nyuzi 90, ndo maana Yamaha MT-07 na Triumph Bonneville za siku hizi ukifumba macho unaweza kuapa kuna V mle ndani. Ukiona unapenda mlio wa Ducati, ambayo V yake ndo hiyo ya nyuzi 90, lakini bei ya kurekebisha valvu zake inakutoa jasho, hapo kwenye 270 kuna mlango wa nyuma, na sio aibu kuupita.

Silinda tatu za Triumph zinaguna chini zikifika juu zinapiga mluzi, watu wakishaonja hizo ni vigumu kuwarudisha. Nne kwa mstari chini zimepoa kabisa kama hazina mpango, ukizipandisha zinakuwa uzi mmoja mrefu wa sauti, utamu wake uko juu huko, kwahiyo kama we ni mtu wa mwendo wa pole utaishi na pikipiki ambayo hujawahi kuisikia ikiimba. Na kuna zile za ajabu, injini boksa ya BMW (sisemi Bajaj Boxer jamani) ambayo silinda zimetokeza kulia na kushoto tangu R32 ya mwaka 1923, na Moto Guzzi yenye V iliyokaa kwa kukingama. Hizi mbili krenki imelala kwa urefu wa pikipiki, kwahiyo ukiwa umesimama ukipiga resi mwili mzima wa pikipiki unasukumwa upande mmoja. Kuna anayeona hilo ni kasoro na kuna anayepiga resi mara tatu nne kwenye taa nyekundu bila sababu yoyote anatabasamu peke yake. We uko kundi gani? Hilo ndo swali la kujiuliza, wala sio nguvu za farasi ngapi.

Mi binafsi ni mtu wa silinda moja kubwa, ile inayopiga unahisi kwenye meno, na najua nusu ya wanaosoma hapa wanaona ni trekta.

Usisikilizie kwenye video tu, simu inakata besi yote. Tafuta mwenye nayo, wenye pikipiki wanapenda kuulizwa, mwambie naomba nisikie ukiwasha ikiwa ya baridi. Simama pembeni, simama nyuma, alafu vaa helmeti usikilize tena, manake humo ndani ya helmeti ndo utakapokuwa unaishi, na ukishapita kilomita 80 kwa saa unachosikia ni upepo zaidi. Inayobaki ni mitetemo kwenye siti na kwenye mikono, na hiyo nayo inapendwa au haipendwi, hakuna katikati. Na usikilize ikiwa na sailensa yake ya kiwandani. Kama hujaipenda hivyo mpaka itobolewe, basi umependa kelele za sailensa, pikipiki yenyewe bado hamjajuana.

Macho

Hapa ni kifupi. Iangalie ukiwa mbali, hatua kama ishirini, umbo lake tu, usome mstari unaotoka kwenye tenki kwenda kwenye siti. Alafu sogea uangalie injini. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilitikisa dunia kwa mengi ikiwemo breki ya diski mbele, lakini watu walioikumbatia wengi wanakutajia kwanza yale mabomba manne yanayoshuka mbele ya injini, moja kwa kila silinda. Ni mabomba tu, lakini mtu unayaona unataka kuyapangusa.

Alafu ondoka. Kuna ile ya kugeuka nyuma ukiwa unaondoka, wote wanaisema na ni kweli, ila mi naongeza kitu, usijilazimishe, watu wakishasikia habari ya kugeuka wanageuka makusudi. Subiri uone kama ukiwa kwenye mambo yako mengine inakujia.

Rangi? Kama unaitaka nyekundu nunua nyekundu. Mtu atakwambia chukua hii nyeusi ni ile ile na inapatikana leo. Sio ile ile.

Ikalie, na ukae kweli

Sio kupanda ukashuka. Kaa dakika kumi na tano, muuzaji akikukodolea macho mwambie bado naangalia. Mikono iache ianguke yenyewe kwenye usukani, kama umelazimika kuinyoosha mpaka mabega yamepanda jua baada ya saa moja shingo itakuwa inakusema. Angalia magoti yamekutana wapi na tenki. Tenki nzuri ina mahali pa goti, ukibana kidogo unasikia pikipiki na we mmekuwa kitu kimoja, na hapo kuna kitu kinatokea kifuani siwezi kukieleza vizuri, ila kikitokea utajua na kisipotokea pia utajua. Bana klachi uachie, mara nyingi. Ingiza gia uirudishe nyutro. Gusa swichi za taa na honi. Vitu hivi utavigusa kila siku, swichi ya indiketa yenye kelele za plastiki rahisi itakukera siku zote hata kama injini ni ya mbinguni.

Urefu wa siti unatisha watu bure. Honda Rebel 500 siti yake iko milimita 690, hapo karibu kila mtu anakanyaga vizuri, na Africa Twin inaanza milimita 850 ambapo wengi tunaning'inia. Lakini namba haisemi siti ni pana au nyembamba, wala shokapu zinazama kiasi gani ukiikalia, kwahiyo pikipiki ndefu nyembamba inaweza kukubeba vizuri kuliko fupi pana. Huhitaji nyayo zote mbili ziwe chini zimelala. Jaribu hivi, ukiwa umeikalia, injini imezimwa, irudishe nyuma kwa miguu hatua tatu nne, ikiwezekana pawe na kamwinuko. Ukiweza bila kuhema, urefu sio tatizo lako. Ukishindwa, ujue ndo kazi utakayoifanya kila ukipaki, na hapo mapenzi yanajaribiwa kweli kweli.

Ukipata nafasi ya kuiendesha

Dakika kumi za kwanza usiziamini, nzuri au mbaya. Mwili bado unaogopa chombo cha watu. Kuanzia nusu saa hivi ndo ukweli unaanza kutoka. Na usiikimbize kutafuta mwisho wake, iendeshe mwendo ule utakaokuwa unauendesha siku zote, manake kuna injini ni asali kwenye kilomita 60 na kwenye 110 zinatia vidole ganzi, na kuna nyingine ni kinyume, zinachosha mjini zinanoga barabara kuu. Rudi kwenye karatasi yako, uliandika mwendo gani?

Kipimo changu ni kimoja. Unapokaribia kurudi, kuna njia fupi na kuna ya kuzunguka. Mkono umekata wapi?

Sasa, huo moyo ni wa nani

Hapa ndo pagumu na nataka tukae kidogo. Kuna pikipiki unaitaka we, na kuna pikipiki unataka kuonekana nayo, na zote zinapiga moyo vile vile mwanzoni. Jamaa yangu mmoja alinunua adventure kubwa, pikipiki ya safari ndefu na njia mbovu, ile yenye masanduku ya aluminiamu pande zote, video zote amezimaliza, jangwa, mito, mahema. Mtu mwenyewe halali nje ya kitanda chake, hajawahi na hataki. Ile pikipiki nzuri mno lakini alikuwa anaiogopa, akiona kokoto anageuza. Aliiuza akachukua kaskuta ka sisi 125, saivi humkuti nyumbani.

Na mtu akicheka vyombo vidogo mwambie Honda Super Cub ilianza 1958 na mwaka 2017 walikuwa wamevuka milioni 100 zilizotengenezwa, hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuizidi, na kuna watu wanailea hadi leo kama mtoto wa mwisho. Moyo hauangalii sisi.

Kwahiyo jiulize, kama ingekuwa mwiko kupiga nayo picha na hakuna mtu anayekujua atakayekuona juu yake maisha yako yote, bado unaitaka? Ukisita, sio yenyewe. Alafu jipe wiki mbili bila kuangalia video yake hata moja. Tamaa ya video inapoa ikikosa video, ila ukiona siku ya tisa unawaza tenki lake uko kwenye kikao cha watu, hilo ni jambo lingine.

Na kuna wale wanaopenda shida yenyewe, hawa nawaelewa sana. Yamaha SR400 ilitoka 1978 na miaka yote haikuwahi kuwekewa stata ya kubonyeza, ni kiki tu. Kuna kidirisha kidogo pembeni ya silinda hedi, unashika kale kaleva ka kupunguza mgandamizo kwa mkono wa kushoto, unasukuma kiki taratibu kwa mguu huku unachungulia kidirisha, alama ikitokea unaachia kaleva, kiki inarudi juu, alafu unaikanyaga mpaka chini bila kugusa resi. Ukifuata hivyo inawaka, ukifanya haraka unakanyaga mpaka jasho. Kuna mtu amesoma hii sentensi akasema mateso gani haya, na kuna mtu anaitafuta saivi hivi ninavyoandika. Wa pili ana jibu lake.

Kichwa nacho kina zamu yake

Kichwa hakichagui, ila kina haki ya kukataa. Tofauti ni kubwa. Hakiruhusiwi kusema "chukua ile ingine ina thamani zaidi", kinaruhusiwa tu kusema "hii hapana" na kwa sababu chache sana.

Ya kwanza, uwezo wako. Superbike ya sisi 1000 yenye nguvu za farasi 200 kwa mtu ambaye jana ndo amejua kuachia klachi, hapo moyo ukae kimya. Haina maana uipende kwa nguvu kiasi gani, mkono wa resi ukishtuka kwenye shimo inaondoka bila we. Ipende, ibandike ukutani, anza na ndogo yenye damu ya familia hiyo hiyo.

Ya pili, hela ya nguo. Ukilipia pikipiki ikabaki sifuri, bado hujaweza kuinunua. Helmeti inayobana mashavu vizuri bila kuuma paji, glavu, jaketi, buti linalofunika kifundo cha mguu, hizo ni sehemu ya bei ya pikipiki, zihesabu toka mwanzo.

Ya tatu, hali ya chombo kama kimetumika. Nenda umemwambia muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa injini, ikiwa ya moto kuna kitu alikuwa anakificha, aidha haiwaki ya baridi au inatoa moshi ikianza. Moshi wa bluu usioisha ni oili inaungua. Iweke kwenye stendi ya kati kama inayo, mtu mwingine akalie nyuma gurudumu la mbele liinuke, zungusha usukani kulia kushoto taratibu, ukisikia imekwama kwenye kakishimo pale katikati beringi za usukani zimekwisha. Shika miguu ya shokapu ya mbele kwa chini uivute na kuisukuma, isicheze. Vuta cheni ikiwa kwenye sproketi ya nyuma, ikiachana na meno hiyo imeshachoka. Haya yote yanatengenezeka, ni ya kupunguzia bei tu. Ambayo hayana msamaha ni chesisi iliyopinda au kuchomelewa, na namba ya chesisi isiyofanana na ya kwenye karatasi. Hapo hata kama ndo ile uliyoiota toka shule ya msingi, geuza uondoke.

Lile jedwali sasa lina kazi, ndo sababu nilisema usilifute. Likutajie tu gharama za hiyo uliyoichagua, sevisi kila kilomita ngapi, tairi zake saizi gani na zinapatikana au zinaagizwa, bima, halafu uamue kama unaweza kuibeba. Usilitumie kulinganisha tena, ukianza kulinganisha umerudi ulikotoka.

Mwisho, siku ya kwenda kununua nenda na mtu ambaye hiyo pikipiki hajali hata kidogo, ikiwezekana mtu wa magari kabisa. Yeye ndo aongee bei, we kazi yako ni kuangalia karatasi na kutoishika shika tenki. Muuzaji anasoma uso, akiona umeshaipaki nyumbani kwako kichwani hashushi hata shilingi. Mkishakubaliana, karatasi zimeandikwa jina lako na funguo zote mbili umepewa, hapo ndo ucheke unavyotaka, alafu urudi nayo pole pole, manake tairi na breki zake huzijui bado.